Kopo la Mfuto

Mbuchi,
12 Agosti 2025

Salwa,

Salamu zangu ulizipata Jumapili, kabla mnara wa simu haujalala. Simu ni ya salamu. Hesabu inataka karatasi, na leo nina hesabu.

Bahasha yako ya matokeo ameishusha Seleman wa boti hapa hapa mashineni, mpunga unakobolewa, mimi nimejaa vumbi la pumba mpaka kwenye kope. Baba yako alikuwa amekaa juu ya magunia yake akisubiri zamu. Nikazima mashine. Akina mama kwenye foleni wakaanza kelele, nikawaambia, "Tulieni, anasomwa mchumba wangu."

Mzee Abdulla akaninyang'anya karatasi. Unamjua. A ni tano, B plasi ni nne, B ni tatu, C ni mbili. Akajumlisha kwa vidole, ishirini na nne. Masomo nane. "Tatu kamili! Mwanangu kapata tatu! Wewe fundi, unataka ushahidi gani tena?"

Nikamwambia, "Taratibu, mzee. Umehesabu magunia na viroba kama kitu kimoja."

"Viroba gani tena?"

Nikamwonyesha. Kila somo lina krediti zake, na krediti ndiyo uzito wa gunia. Mawasiliano ni krediti nane, kiroba hicho. Fildi, yale mazoezi ya shambani, ni ishirini na nne, gunia la lumbesa lililojazwa kupita mdomo. Huwezi kuyapa uzito mmoja. Unachukua pointi za somo, unazidisha kwa krediti zake, unajumlisha yote, ndipo unagawa kwa krediti zote. Nikapiga kwa mkaa ukutani, bado ipo. Nafaka, 4 mara 18, sabini na mbili. Udongo na wadudu, 3 mara 18 kila moja, hamsini na nne na hamsini na nne. Takwimu, 4 mara 12, arobaini na nane. Umwagiliaji thelathini na sita. Ujasiriamali thelathini. Mawasiliano kumi na sita. Fildi arobaini na nane. Jumla 358, gawa kwa 120. Mbili nukta tisa nane.

Mzee akakunja uso. "Na hiyo nukta tisa nane ndiyo mnyama gani?"

"Ni tatu iliyosahau kandambili mlangoni," nikasema, na foleni nzima ikacheka.

Nani hapa Mbuchi atapokea 2.98 asiite tatu? Kopo la mchele likipungua kidogo, unaongeza konzi. Basi na wewe nimekuongezea konzi yako.

Kwa hiyo sharti limetimia. Alilitamka mwenyewe siku ya posa, mbele ya mama yangu na mjomba: GPA ikifika tatu, mlango wa chuo kikuu uko wazi, binti anaendelea kusoma, ndoa inasubiri. Isipofika, anarudi, na mavuno ya mwaka huu hayapiti hatujafunga ndoa. Imefika. Miaka mitatu mingine. Nimefurahi, na ukitaka kujua kama nimefurahi yote, usiniulize.

Lakini nina ugomvi na wewe. Fildi C? Somo zito kuliko yote, la kushika jembe, na wewe umezaliwa matopeni! Takwimu, kitu cha kukaa na kalamu, umepata B plasi. Shamba umepata C. Umelijaza pumba gunia la lumbesa. Mimi nilitoka kidato cha nne na A ya hisabati nikaishia kuvuta mkanda wa mashine kwa sababu baba alikufa. Ningepewa nafasi yako nisingeichezea. Ulikuwa wapi?

Nilimuuliza hivyo hivyo baba yako. Akaniangalia, akasema, "Huyu hata wewe ukijikata ukucha anapanda basi." Tukacheka. Sikuona alichochekea.

Usiucheke mwandiko. Mkono wa kulia umebaki na vidole vitatu tangu mkanda ulipoula mwaka jana, na wa kushoto ndio kwanza uko darasa la kwanza.

Wako,
Haruna


Morogoro,
21 Agosti 2025

Fundi,

Mwandiko wako wa kushoto mzuri kuliko ule wa kulia. Ule ulikuwa wa mtu anayekimbizwa na nyuki.

Nimesoma hesabu yako mara nyingi, haina kosa. Nasma ninayekaa naye chumba kimoja kaniuliza huyo mchumba wako ni mhadhiri wa wapi. Nikamwambia wa Chuo cha Pumba, Mbuchi.

Sasa nisikilize. Usimtangazie mtu. Hayo ni matokeo ya muda, bodi haijakaa, cheti hakijachapwa. Hiyo 2.98 iache iwe 2.98 kwanza, usiipe jina. Kuna jambo nimelisikia kwa waliomaliza mwaka jana, sitaki kulisema mpaka nihakikishe ofisini. Mzuie na baba asichinje mbuzi.

Fildi yangu iache. Imeshapita.

Na mimi nakuuliza lile ulilonikataza. Ulipofika mwisho wa hesabu pale ukutani, kabla hujaongeza hiyo konzi yako, moyo wako ulikuwa unaomba nini? Mimi nakuambia wangu: siku nilipoona matokeo niliomba mambo mawili kwa pumzi moja, nikajua Mungu hawezi kunipa yote.

Mama yako Bi Mashavu hajambo macho? Mwambie ule mkeka wake sijausahau.

Salwa wako


Mbuchi,
30 Agosti 2025

Salwa,

Barua yako ya tarehe 21 imenikuta nimeshamaliza kazi.

Nitaandika kwa kifupi, kwa namba, ili tusielewane vibaya. Mimi nina miaka thelathini na mbili. Chuo kikuu ni mitatu. Ukimaliza utataka ajira, weka miwili. Nitakuwa na thelathini na saba, na mama yangu, ambaye leo anapepeta mchele kwa kupapasa, hatakuwepo kumwona mjukuu. Nyumba inataka mtu. Mashine inataka mtu wa kukaa na hesabu nikiwa Kibiti kufuata dizeli. Wewe huwezi kuwa huko na hapa.

Jumatatu mjomba alikwenda kwa baba yako kuiondoa posa. Wameelewana vizuri, wamekunywa chai. Nitamuoa Mwanamina, binti wa mjomba huyo huyo, mapema mwezi ujao.

Nimechoka kusubiri. Hilo ndilo jibu la swali lako la moyo.

Soma. Una tatu yako. Usiniandikie, na usinipigie, laini nimeitoa.

Haruna Sadala


Morogoro,
3 Septemba 2025

Haruna wangu,

Nakupigia tangu jana hupatikani. Mnara wenu umelala tena? Basi karatasi, kama unavyopenda.

Kaa kwanza. Kaa juu ya gunia.

Cheti kimetoka. GPA yangu ni 2.9.

Usirudi ukutani kuhakiki, hujakosea. Ni 2.98 kweli. Lakini chuo hakijazi, kinakata. Kinachukua namba moja tu baada ya nukta, inayofuata inatupwa, iwe moja iwe tisa. Ndilo nililolisikia, na nilipokwenda ofisini yule dada akanieleza kwa upole kabisa: "Mdogo wangu, hatukuonei, wote tunawakata." Nikakumbuka kopo la mfuto, lile la wachuuzi wa mjini wanaopitisha kijiti mdomoni mwa kopo kilima chote kianguke. Huku shahada zinapimwa kwa mfuto, Haruna. Chuo kikuu hakipokei chini ya tatu; nilihitaji pointi 360, nilikuwa nazo 358. Kijiti kimepita.

Nililia mpaka Nasma akaja mbio na maji akidhani nimefiwa. Nimeililia ile shahada, sitakudanganya. Niliitaka. Halafu katikati ya kilio nikakumbuka sharti la baba, nikaanza kucheka, Nasma akaogopa zaidi. Isipofika tatu, anarudi, na mavuno hayapiti! Maombi yangu mawili, moja limejibiwa.

Kwa hiyo narudi. Nafunga mizigo, narudisha vitabu vya watu, tarehe 18 napanda basi. Kutoka Nyamisati Seleman atanichukua. Diploma hii hii itatosha. Kuna wakulima wangapi Mbuchi wanaokosa mtu wa kuwaambia kwa nini mpunga wao unageuka manjano? Nitafungua kibanda cha mbegu ubavuni mwa mashine yako, nawe utanipigia hesabu, nami nitakukagua.

Mwambie baba wewe, maana mimi naona aibu. Mwambie kwa kicheko, kama ile ya kandambili. Na Bi Mashavu amtume mtu akate ukindu, mkeka naja kuusuka.

Sasa niambie na wewe kweli. Umefurahi yote?

Salwa wako, wa mbili nukta tisa


Mbuchi,
14 Septemba 2025

Salwa,

Nimeoa juzi Ijumaa. Barua yako nimeipata jana Jumamosi.

Ilikuwa imelala Nyamisati siku nne. Boti ya Seleman ilikuwa inabeba wageni wa harusi yangu. Kanikabidhi asubuhi huku anacheka, "Fundi, hata bibi harusi wa zamani kakutumia salamu," nikacheka naye, nikaifungua mbele za watu.

Nimekaa juu ya gunia kama ulivyoniambia.

Sasa nitakupa hesabu ya kweli, ile ya tarehe 30 ilikuwa ya uongo. Siku ile niliyopiga mkaa ukutani, foleni ilipokwisha, baba yako alibaki. Akaniambia, "Haruna, mwanangu namjua. Ukimwambia unamsubiri, hatakwenda. Atajidai anasoma, roho iko Mbuchi. Ukimpenda, mwambie umechoka wewe." Sikulala siku kadhaa. Nikaona kweli. Mimi nilikosa chuo kwa sababu ya mashine, haiwezekani na wewe ukikose kwa sababu ya mashine ile ile. Mama kweli haoni, mjomba kweli alikuwa ananisukuma, Mwanamina kweli ni mtu mwema. Hizo zote zilikuwa kweli, nikazipanga zikatoa uongo. Nilitaka unichukie ili uende. Nilikupa yale nisiyokuwa nayo mimi, ndivyo nilivyojisifu.

Na kumbe hukuwa na pa kwenda.

Watu gani hawa, Salwa? Mtu kajaza kopo kasoro punje, wao badala ya kuongeza konzi wanapitisha kijiti! Hapa mchuuzi akifanya hivyo anasusiwa mpaka anahama. Mimi nimekuwa na kopo mkononi tangu nina miaka kumi na saba, sijawahi kumpimia mtu kwa mfuto, ndiyo maana sikuliwaza. Ningeliwaza, ningesubiri. Ulinionya, "iache iwe 2.98 kwanza", nami nilikwisha kuipa jina.

Baba yako kapigwa na butwaa. Nilimsomea. Alisema tu, "Laa," akachukua bakora yake akaondoka, mpunga wake akauacha mashineni mpaka leo.

Mama anasema lipo la kufanya, dini haijafunga mlango, na Mwanamina si mtu wa kelele. Sijui. Nimeona nikuambie, usije ukalisikia kwa wengine.

Nijibu kitu kimoja tu. Fildi ulikuwa wapi?

Haruna


Morogoro,
25 Septemba 2025

Haruna,

Barua yako ya tarehe 30 ilinifikia siku tatu baada ya mimi kuituma yangu ya 2.9. Mizigo ilikuwa imeshafungwa. Nasma ndiye aliyeifungua upya.

Nikasema, subiri. Yangu iko njiani. Akisoma kwamba tatu haikufika, ataacha. Mnara wenu ulikuwa bado umelala, nikawa nahesabu boti. Leo iko Kibiti, leo iko Nyamisati, leo Seleman kamkabidhi. Ijumaa mnara ulipoamka nikapata habari ya ndoa kutoka kwa watu wa nyumbani. Basi nikajua umesoma, na umeoa hivyo hivyo. Siku zote hizi nimekaa na jambo hilo, kwamba ulijua. Sasa unaniambia barua ilikuwa imelala. Sijui lipi linauma zaidi. La kwanza lilikuwa na mtu wa kulaumu.

Umeuliza fildi. Nilisema nisikuambie kamwe, lakini umeniuliza mara mbili, na mara ya kwanza ulinitukana.

Mwaka jana mwezi wa saba, mkanda ulipokula vidole vyako, nilikuja. Nikakaa na wewe hospitali wiki tatu, nakulisha uji, nakuamsha ulipokuwa ukipiga kelele usingizini. Ukaniuliza, "Na chuo?" Nikakuambia chuo kimefunga. Na kweli kilifunga. Wanafunzi wote walikuwa fildi.

Msimamizi alikuja shambani mara mbili hakunikuta. Aliandika alichokiona. Hakunionea. Mwenyewe nilimwambia sina sababu, maana ningesema ni mchumba angecheka, na kama ungejua wewe ungenifukuza hospitali usiku ule ule na kidonda chako. Baba alijua. Nilimwapisha.

Sijutii. Andika hilo mahali. Ningerudia tena wiki zile kwa C ile ile. Lakini usinisomeshe habari za mtu aliyepewa nafasi akaichezea.

Na la mama yako: mshukuru, najua kalisema kwa huruma. Lakini asitumwe mtu. Nimekosa tatu kwa pointi mbili, nimevumilia. Siwezi kuwa nusu. Na Mwanamina hajanikosea kitu. Aliletwa kwenye nyumba hajui kama ina moto ndani. Usimfanye awe wa kwanza kulipa. Mpende. Najua unaweza, wewe mkono wako ni wa kujaza.

Nimepata kazi kwenye duka la pembejeo huku huku, nauza mbegu. Sirudi Mbuchi kwa sasa. Mwambie baba akachukue mpunga wake, asimkwepe mtu kwa ajili yangu.

Usiniandikie tena. Una mke.

Salwa Abdulla


Mbuchi,
6 Oktoba 2025

Kwa Salwa binti Abdulla,

Umenikataza, nami nitatii baada ya hii. Naitoa wazi, haina bahasha. Mke wangu ameisoma. Baba yako ataisoma, ndiye atakayekutumia. Kaja kuchukua mpunga wake. Tumeukoboa wote wawili, kisha akanishika bega, akaenda.

Ule ukuta nimeurudia. Nimefuta mstari mmoja tu, wa fildi. Badala ya C nimekuwekea B, alama ya mtu wa kawaida aliyekuwepo shambani, sikukupendelea. Tatu mara ishirini na nne, sabini na mbili. Jumla inakuwa 382. Gawa kwa 120. Tatu nukta moja nane. Wapitishe kijiti wanavyotaka, wakate nane yote, inabaki tatu nukta moja. Ungepita, Salwa. Ungepita na mfuto wao.

Kwa hiyo aliyekukata si chuo. Nimepiga mara nyingi kutafuta kosa. Hakuna.

Wiki iliyopita nilisema na mimi sasa basi, nitauza kwa mfuto kama walimwengu. Nikachonga kijiti. Wa kwanza kufika alikuwa bibi Mwanabaraka wa ng'ambo, na kikapu chake. Nikajaza kopo, nikapitisha kijiti, kilima kikaanguka guniani mchele ulikotoka. Akaliangalia kopo, akaniangalia mimi. Hakugomba. Akasema tu, "Baba, umeumwa?"

Mkono wa kulia ukaingia guniani wenyewe. Konzi ya vidole vitatu ni ndogo, lakini niliongeza, nikaongeza tena, mpaka mchele ukamwagika nje ya kikapu na bibi akawa ananishika mkono anasema inatosha, baba, inatosha.

Haruna Sadala